Tambi za Malai Baina ya Magharibi na Isha

 

Wiki hii hatutazungumzia mirathi wala eda, ingawa maswali yenu juu ya mambo hayo yametufikia nasi tutayajibu kwa zamu yake, inshallah. Wiki hii twazungumzia sufuria. Huenda wengine wakastaajabu kuona maalim ameacha kitabu akashika mwiko, lakini tuna deni, na deni hulipwa kwa sarafu ile ile lililokopwa.

Deni lenyewe lilianza hivi. Kabla ya mvua za masika, katika darsa ya kina mama ya Jumamosi, tulikuwa tukieleza namna nyumba inavyotunzwa. Maneno yakatupeleka mbele kuliko ilimu yetu, tukasema kwamba chakula kinachoiva kwa nusu saa ni dalili ya jiko lililopoteza heshima yake, na kwamba mama zetu waliotangulia walianza kukuna nazi tangu Alasiri wala hawakulalamika. Kina mama wakanyamaza. Mwisho wa darsa, kama ilivyo ada, vikaratasi vya maswali vikapitishwa kutoka upande wa pili wa pazia. Kimoja kilikuwa na mstari mmoja tu: mwandishi wake alisema yeye ni muuguzi, hutoka kazini saa kumi na moja, husimama foleni ya feri ya Likoni, na hufika kwake Magharibi ikiadhiniwa, kisha akauliza, maalim mara ya mwisho umepika lini?

Tulicheka, na baadhi ya waliokuwapo wakacheka. Kisha tukajibu kwa maneno mazuri juu ya fadhila za subira, tukafunga kwa dua. Swali lenyewe hatukulijibu, na sisi tulijua kuwa hatukulijibu.

Mkono uliofungwa plasta

Mvua za masika zilipofika, ahali yetu aliteleza barazani penye maji akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali walimfunga plasta, wakamwambia akae nayo wiki 6. Binti yetu mkubwa yuko chuoni Nairobi, na vijana wawili waliobaki nyumbani bado ni wanafunzi. Mama yetu mzazi, aliyepita miaka 80, anakaa nasi. Kwa hivyo mpishi alikuwa mmoja tu, na mpishi huyo hakuwahi kupika kitu kizito kuliko chai ya rangi.

Siku ya kwanza tuliazimia kupika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kwa kuwa ndicho chakula cha kila siku cha nyumba yetu, nasi tulidhani kwamba kitu cha kila siku ni kitu chepesi. Tulikaa juu ya mbuzi tukakuna nazi mbili, na kidole kimoja kikakunwa pamoja nazo. Tukachuja tui la kwanza, tukachuja la pili, tukachambua mchele, tukapara samaki, tukamenya vitunguu huku macho yakitoka machozi. Isha ikaadhiniwa mchele haujakauka. Tukaenda msikitini tukakosa rakaa mbili za jamaa, na tuliporudi tukakuta nusu ya sufuria imegeuka ukoko. Vijana walikula kimya kwa adabu. Mama yetu akasema, "Mwanangu, Mungu akulipe," ambayo kwake yeye ni dua ya kuwatakia watu waliojitahidi wakashindwa.

Usiku ule, tulipokuwa tukisugua sufuria, ahali yetu alikuwa amekaa kitini mlangoni mwa jiko, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kulaumu: "Baba watoto, miaka 27 hukuwahi kuniuliza wali huanza saa ngapi."

Hatukuwa na jawabu. Twajua, na tumewafundisha wengine, hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, ambamo Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Tumeisoma hadithi hiyo darasani mara nyingi. Mara zote tuliisimamia pale penye kutoka kwenda kusali.

Chakula kilichotoka chuoni

Siku ya pili binti yetu alipiga simu kumjulia hali mama yake. Aliposikia habari ya ukoko alicheka mpaka tukamwonea haya, kisha akasema, "Baba, pika tambi za malai na mboga. Sisi hupika hapa tukirudi maktaba, dakika 25 zimetosha." Akatutumia maelezo kwa sauti, hatua kwa hatua, na mama yake akayasikiliza kwa makini na kuyarekebisha kwa jiko letu.

Kabla ya kuyaeleza, twapenda kuondoa dhana moja. Mama yetu alipoona tambi zinapikwa kwa chumvi alisema hiki si chakula, tambi ni kitu cha futari, cha sukari na iliki na zabibu kavu. Na kweli hapa Pwani ndivyo tulivyozizoea. Wengine husema tambi za chumvi ni vyakula vya Wazungu. Lakini mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya Roger wa Pili, mfalme wa Sisili, alieleza kuhusu Trabia, mji ulio karibu na Palermo, kwamba hapo hutengenezwa kwa wingi chakula cha unga wa ngano kinachoitwa kwa Kiarabu itriya, nacho hupakiwa majahazini na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Marco Polo kurejea Venice mwaka 1295, ingawa watu wengi husimulia kwamba yeye ndiye aliyezileta tambi kutoka Uchina. Basi tambi kavu, zinazoweza kukaa ghalani na kusafiri baharini, zina historia ndefu katika mikono ya Waislamu. Na majirani zetu Wasomali huila baasto mchana na usiku, pamoja na ndizi mbivu pembeni. Waliizoea zaidi wakati Waitalia walipotawala kusini mwa nchi yao, kisha wakaifanya yao.

Ama mboga, Waitalia hupenda zile changa za majira ya kuchipua, yaani baada ya baridi yao kwisha: njegere mbichi, asparaga, vitunguu vya majani. Sisi hatuna majira hayo. Lakini tuna masika, na baada ya mvua za kwanza sokoni hujaa mchicha laini, mumunye changa ambazo ukucha huzama ndani ya ganda lake, na njegere, ambazo wenzetu wa bara huziita minji. Hizo ndizo tulizotumia.

Vitu vinavyohitajika, kwa watu 6

- Tambi nene au makaroni, pakiti 1 ya gramu 500
- Njegere zilizochambuliwa, kikombe 1
- Karoti 2, zikatwe vipande vyembamba
- Mishiri, konzi 1, ikatwe urefu wa kidole gumba
- Mumunye changa 1, ikatwe vipande vidogo pamoja na ganda
- Mchicha, fungu 1 dogo, uoshwe vizuri na kukatwa
- Thomu, punje 3, zipondwe
- Siagi, vijiko 2 vikubwa
- Unga wa ngano, vijiko 2 vikubwa
- Maziwa, nusu lita
- Malai, nusu kikombe
- Pilipili manga, chumvi, na ndimu 1

Malai si lazima yanunuliwe. Ahali yetu hukusanya yale yanayoganda juu ya maziwa mabichi baada ya kuchemshwa na kupoa. Huyatia katika kikopo ndani ya friji, na kwa siku tatu au nne hutimia nusu kikombe. Asiyekuwa na malai wala siagi ya kutosha na atumie tui zito la nazi moja mahali pa malai, na chakula hakitapungua kitu.

Namna ya kupika

Teleka sufuria kubwa yenye maji lita 5. Yakichemka sana tia chumvi vijiko 2 vikubwa. Chumvi hiyo isikutishe, kwani sehemu kubwa itamwagwa pamoja na maji, na tambi zisipopata chumvi ndani ya maji hazitaipata tena baadaye. Maji nayo yasiwe machache, kwani tambi zikibanwa hugandana.

Tia tambi pamoja na njegere kwa wakati mmoja, ukoroge mara moja ili zisishikane. Soma dakika zilizoandikwa juu ya pakiti. Nyingi huwa baina ya 8 na 11. Zikibaki dakika 5, tia karoti na mishiri humo humo. Hapa ndipo haraka ya chakula hiki ilipo, kwa kuwa sufuria moja na moto mmoja umepika vitu vinne, na gesi imesalimika.

Huku maji yakichemka, katika karai yeyusha siagi kwa moto mdogo, utie thomu na mumunye, ukaange dakika 3 bila thomu kugeuka kahawia. Nyunyiza unga, ukoroge dakika moja ili uondoke ubichi wake. Kisha tia maziwa kidogo kidogo, ukikoroga kila mara. Sisi mara ya kwanza tuliyamwaga yote kwa pamoja tukapata mabonge kama ya uji ulioharibika, na ahali yetu akatuambia kwa upole kwamba maziwa hutiwa kama mtu anavyomfundisha mtoto alifu, moja kwanza mpaka ikae, ndipo ya pili. Yakianza kuwa mazito tia malai na pilipili manga, uache yachemke polepole dakika 4. Ikiwa unatumia tui, usiache kukoroga na moto usiwe mkali, lisije likakatika.

Kabla ya kumwaga maji ya tambi, chota vikombe 2 uviweke kando. Hili binti yetu alilisisitiza sana, na sababu yake ni kwamba maji yale yamebeba wanga wa tambi. Ukiyatia kidogo kidogo ndani ya mchuzi, huufanya mlaini na kuushikamanisha na tambi. Chuja tambi na mboga zake, uzitie ndani ya karai, utie mchicha, uchanganye dakika moja au mbili huku ukiongeza yale maji mpaka mchuzi uwe mwepesi kuliko unavyoutaka, maana ukifika mezani utazidi kuwa mzito. Epua. Hapo ndipo ukamulie ndimu, kwani ukiikamua juu ya moto maziwa huweza kuganda.

Mwenye kamba wachache na awakaange katika ile siagi kabla ya mumunye, awatoe, kisha awarudishe mwishoni. Chakula hiki huliwa kingali moto. Kikibaki kisilale mezani. Kiingie katika friji kikiisha poa, kwani vitu vya maziwa na tui huchacha upesi katika joto letu, na kesho kipashwe kwa maziwa kidogo.

Yanayohitaji kutazamwa

Kwa kuwa vyakula vya namna hii vimetoka katika meza za wasiokuwa Waislamu, zipo tahadhari tusizopaswa kuziacha. Kwanza, mapishi mengi ya Kiitaliano hutia divai ndani ya mchuzi, na husemwa kwamba ikipikwa kileo chote hupotea. Kileo hakipotei chote, na hata kingepotea, divai ni haramu kutiwa katika chakula chetu. Ndimu yatosha kutoa ule ukali unaotafutwa. Pili, mchuzi ujulikanao kama karbonara hutiwa nyama ya nguruwe. Basi ukiula nje ya nyumba uliza kwanza.

Tatu ni jibini. Jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho mara nyingine hutolewa katika tumbo la ndama. Ile maarufu ya Parmigiano Reggiano hugandishwa hivyo. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kimeng'enya cha mnyama asiyechinjwa kisharia: Imamu Abu Hanifa ameruhusu, na katika madhehebu yetu ya Shafi hakiruhusiwi. Asiyetaka shaka na atafute jibini yenye alama ya halali, au iliyoandikwa kwamba imegandishwa kwa kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu. Nasi twasema chakula hiki kinatimia bila jibini kabisa, kama mlivyoona. Nne, baadhi ya malai ya kikopo na vitu vya kuongezea uzito huwa na jelatini. Someni maandishi madogo.

Na tano, wengine hukwangulia kungumanga juu ya mchuzi wa maziwa. Wanavyuoni walijadili kungumanga kwa sababu kwingi kwake hulevya, na wapo walioruhusu kidogo kisicholevya. Sisi tumeiacha, na pilipili manga haikutuangusha.

Yaliyotokea mezani

Siku ile ya pili tuliepua chakula dakika 35 baada ya kurudi kutoka sala ya Magharibi. Binti yetu alisema 25, lakini yeye hakuwa na mabonge ya kuyaponda. Tuliketi jamvini sote, tukala, tukanawa, na Isha ilipoadhiniwa tulikuwa tayari na udhu. Ahali yetu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiisikia adhana ya Isha akiwa jikoni, aliisali Isha yake mapema, kwa utulivu, kisha akakaa na Mama wakazungumza. Hatukumbuki lini tuliwakuta wawili hao wakizungumza saa ile.

Mama yetu alikula sahani nzima. Tulipomuuliza kimekuwaje, alisema angependa wali. Tukakumbuka kwamba Mtume, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, hakuwa akikitia kasoro chakula kamwe. Akikitamani hukila, na asipokitamani hukiacha. Mama hakukitia kasoro, alisema tu ampendacho, na Ijumaa akapikiwa wali wake na mama jirani, Mungu amjaze kheri.

Hatusemi wali wa nazi uachwe. Ni chakula cha watu wetu, na tungependa wajukuu wetu waujue. Tunachosema ni kwamba tulikosea kuipima heshima ya jiko kwa saa zilizotumika ndani yake, na tulikosea zaidi kuwatolea hukumu watu kwa kazi ambayo hatujawahi kuifanya. Mwanamke anayetoka kazini magharibi, akawalisha watoto wake chakula cha halali chenye mboga kwa nusu saa, kisha akapata wasaa wa kusali bila kukimbizwa na wa kuwasikiliza wanawe masomo yao, hakupunguza kitu katika haki za nyumba yake. Na mume aliye nyumbani mapema kuliko mkewe hana udhuru wa kungojea sahani.

Jumamosi iliyopita tulirudi katika darsa ile ile. Kabla ya kufungua kitabu tulikisoma kile kikaratasi mbele ya wote, maana tulikuwa tumekihifadhi, kisha tukakijibu: siku ile ulipouliza, dada yetu, tulikuwa hatujapika hata mara moja, leo tumepika mara 19, na mara 4 katika hizo tumeunguza. Tukamwomba radhi. Hatukujua ni yupi miongoni mwa waliokaa nyuma ya pazia, wala hatukutaka kujua. Kina mama walinyamaza tena, kama siku ile ya kwanza. Kisha vikaratasi vikaja, na cha juu kabisa kiliuliza kama tui la kopo lafaa kwa tambi hizi. Jawabu ni kwamba lafaa, mradi likorogwe vizuri kabla ya kutiwa.

Plasta ya ahali yetu itatolewa wiki ijayo kwa uwezo wake Mola. Tumekwisha afikiana naye kwamba Jumatatu na Jumatano jiko ni letu, na vijana watakuna nazi siku za wali, kwa kuwa hakuna aya wala hadithi iliyosema mbuzi ni wa wanawake peke yao. Tuombeeni tudumu katika ahadi hiyo, kwani kuahidi ni kwepesi mkono wa mtu mwingine ukiwa ungali ndani ya plasta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu na riziki zenu, awaponye wagonjwa wetu, na awarahisishie kazi wale wanaochelewa kurudi majumbani kwa ajili ya kuwatafutia watoto wao. Wiki ijayo, inshallah, tutarudi katika maswali ya mirathi tuliyoyaahidi.